Manute Bol: mchungaji aliyechaguliwa wa 31

Huku Garsen, Minjila na Tarasaa, kijana akirefuka mpaka anainama kupita mlangoni, watu humwambia jambo moja tu: aende Marekani akacheze mpira wa kikapu. Hulisema kwa mzaha. Kijana hucheka, kisha hurudi kwenye ng'ombe, kwenye shamba la maembe au kwenye bodaboda, na hadithi inaishia hapo. Hakuna anayemuuliza anaweza kufanya nini uwanjani, wala anayeandika jina lake popote.

Leo nataka tuyapitie maisha ya mtu ambaye mzaha huo ulimwia kweli. Marehemu Manute Bol tunamjua wengi kwa picha: yule mtu mrefu mwembamba wa Sudan, miguu kama miti ya mikoko, aliyecheza NBA miaka ya themanini. Wasichokijua wengi ni kwamba Bol hakugombaniwa na klabu. Waliomtazama walimpitia mara kadhaa, wakachagua wengine, na alipochukuliwa alikuwa wa 31. Na kwa vijana wetu wa Tana River, hapo ndipo penye funzo kubwa kuliko urefu wake.

Bol alikuwa Mdinka, mtoto wa wafugaji kutoka upande wa Turalei, sehemu ambayo leo ni Sudan Kusini. Mwaka wa kuzaliwa uliowekwa kwenye karatasi zake ni 1962, na tutaona mbele karatasi hizo zilivyopatikana. Mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake, na jina Manute alilopewa lina maana ya baraka. Alikulia kwenye ng'ombe kama wanavyokulia watoto wa Waorma na Wawardei hapa kwetu, akihama na mifugo kufuata maji na majani. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba aliwahi kuua simba kwa mkuki alipokuwa mchungaji, na akakiri bila aibu kuwa simba huyo alikuwa amelala.

Urefu ulikuwa wa ukoo. Wazazi wake wote wawili walikuwa warefu kupita kiasi cha watu wa kawaida, lakini yeye aliwazidi, akafika futi 7 na inchi 7, yaani sentimita 231. Alianza na kandanda kama vijana wengine, akaona mwili haumruhusu. Ndugu na marafiki wakamwelekeza kwenye kikapu, akajifunza katika mji wa Wau, kisha akaenda Khartoum. Mwanzo wenyewe haukuwa mwema. Kwa masimulizi yake, mara ya kwanza alipojaribu kuutumbukiza mpira kikapuni kwa mkono, meno yake yalinasa kwenye wavu na baadhi yakang'oka. Huko Khartoum alikutana pia na dharau waliyokuwa wakiipata watu wa kusini katika mji mkuu wa kaskazini. Hakuacha.

Mapema miaka ya themanini kocha mmoja Mmarekani, Don Feeley, alikwenda Sudan kufundisha timu ya taifa. Alipomwona Bol, akamshawishi aende Marekani. Mwaka 1983, kabla hajacheza hata mchezo mmoja wa chuo, klabu ya San Diego Clippers ilimchagua katika raundi ya tano, akiwa wa 97. NBA iliubatilisha uteuzi huo kwa kuwa Bol hakuwa ametimiza masharti ya kujiandikisha. Basi akawa kijana wa ugenini asiye na klabu, asiye na chuo, na asiyejua Kiingereza.

Sasa karatasi. Bol alizaliwa kijijini, mahali ambapo hakuna aliyeandika siku wala mwezi. Alieleza kuwa pasipoti yake ilimwandika kuwa na urefu wa futi 5 na inchi 2, kwa sababu maafisa walimpima akiwa ameketi. Alipelekwa kwanza Cleveland State, akasoma masomo ya lugha lakini hakuichezea timu ya chuo hicho. Miaka mingi baadaye Kevin Mackey, aliyekuwa kocha pale, alisema kuwa ile tarehe ya kuzaliwa aliitunga yeye, maana Bol hakuijua yake. Chuo hicho kiliadhibiwa na chama cha michezo ya vyuo kwa kuwasaidia Bol na vijana wengine wawili kutoka Afrika kinyume cha kanuni. Mpaka leo wapo wanaobishana kama alikuwa na miaka ishirini na kitu au alikuwa mtu mzima zaidi. Mchezaji alikuwa hodari, lakini shaka ya karatasi haikumwacha mpaka kaburini.

Mwaka 1984 akaingia Chuo Kikuu cha Bridgeport, katika jimbo la Connecticut. Hiki hakikuwa chuo cha kutazamwa na taifa zima kwenye televisheni. Kilicheza daraja la pili la vyuo, mbele ya watu wachache, mpaka Bol alipofika na ukumbi ukaanza kujaa. Kwa msimu ule mmoja chini ya kocha Bruce Webster, alipata wastani wa pointi 22.5, ribaundi 13.5 na bloki 7.1 kila mchezo. Kwa wasiofuata kikapu, bloki ni kuuzuia mpira hewani wakati mpinzani anautupa kikapuni. Kuzuia mara saba kwa mchezo mmoja ni jambo ambalo timu nzima inaweza kushindwa kulifanya.

Lakini wasakaji wa vipaji waliokuja kumtazama hawakukubaliana, na hoja zao tuziseme kwa uaminifu, maana hazikuwa za kijinga. Takwimu za daraja la pili haziaminiki sana, kwa sababu waliozuiwa mipira yao walikuwa wafupi na dhaifu kuliko wanaume wa NBA. Mwili wake ulikuwa na kama kilo 90 tu, umesambaa kwenye urefu ule wote, na mapande ya watu wa NBA yangemsukuma kama mlango usio na komeo. Hakuwa na mtupo wa kuaminika. Alikuwa amecheza chuo mwaka mmoja tu. Umri wake ulikuwa na maswali. Kila hoja hapo ilikuwa na ukweli.

Ifahamike jinsi uchaguzi huo unavyokwenda. Kila mwaka klabu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na kwa jumla klabu dhaifu hutangulia. Siku hizi ni raundi mbili, wachezaji wapatao 60. Mwaka 1985 zilikuwa raundi saba. Wa kwanza kabisa mwaka ule alikuwa Patrick Ewing, aliyekwenda New York, na hapo hapakuwa na ubishi. Kuwachagua wa mwanzo si kazi ngumu sana, kila mtu anawajua. Kazi iko chini, kuanzia wa 30 kwenda mbele. Huko wote waliobaki wana kasoro. Huyu mfupi, yule mzito, mwingine chuo chake hakijulikani, mwingine aliumia goti. Msakaji anayetafuta mtu asiye na kasoro huko chini atarudi mikono mitupu.

Washington Bullets walimchukua Bol katika raundi ya pili, akiwa wa 31. Ukiangalia jinsi walivyomtumia, utaona kuwa hawakumtafutia ukamilifu. Walikuwa na jambo moja alilolifanya kuliko mtu yeyote, nalo ni kuzuia mipira karibu na kikapu. Wakakubali kuishi na kasoro zilizobaki. Hawakumtaka awe mfungaji. Walimtia kwenye mazoezi ya kuongeza nguvu na uzito, wakamweka mbele ya kikapu, na wenzake wakabeba mengine.

Katika msimu wake wa kwanza, 1985 hadi 1986, alizuia mipira 397, wastani wa mitano kila mchezo. Hakuna mchezaji mgeni aliyewahi kufikia idadi hiyo tangu hapo, na katika historia yote ya NBA ni Mark Eaton peke yake aliyewahi kuzuia mingi zaidi katika msimu mmoja. Mara mbili katika maisha yake Bol alizuia mipira 15 katika mchezo mmoja. Aliongoza ligi kwa bloki mwaka 1986 na tena 1989. Msimu wa 1987 hadi 1988 Bullets walimchezesha pamoja na Muggsy Bogues, mwenye futi 5 na inchi 3, na picha ya wawili hao ikaenea duniani kote.

Baadaye alicheza Golden State, ambako kocha Don Nelson alimruhusu kutupa mipira kutoka mbali, watu wakacheka na kushangilia kwa pamoja. Akaenda Philadelphia, kisha Miami kwa muda mfupi. Alipokuwa Philadelphia, mwezi wa Machi 1993, aliwafunga Phoenix mitupo sita ya pointi tatu katika nusu moja ya mchezo. Mpaka anamaliza mwaka 1994 alikuwa amecheza michezo 624, akafunga pointi 1,599 na kuzuia mipira 2,086. Hakuna mwingine aliyecheza miaka mingi kiasi hicho NBA akawa na bloki nyingi kuliko pointi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: waliosema hajui kufunga walisema kweli, na waliosema atafaa walisema kweli zaidi.

Weka hilo kando ya habari ya jirani yetu, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Yeye ana futi 7 na inchi 3, na alitoka chuo kikubwa cha Connecticut, jimbo lile lile. Mwaka 2009 Memphis ilimchagua wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Kijana wetu alifanya jambo la kujivunia, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Lakini aliyechaguliwa wa pili hutarajiwa kuwa kila kitu, na katika msimu wake wa kwanza tu Memphis ilimpeleka kwa muda kwenye ligi ndogo. Nafasi ya juu ilimletea mzigo ambao Bol hakuubeba. Kinyume chake, Nikola Jokić wa Serbia alichaguliwa wa 41 mwaka 2014, akaja kuwa mchezaji bora wa ligi mara tatu. Namba unayoitiwa inaeleza macho ya wachaguzi siku ile. Haielezi mwisho wako.

Aliye chini hulipia kuchelewa kwake, hilo nalo lisemwe. Siku hizi mchezaji wa raundi ya kwanza hupata mkataba wenye malipo ya uhakika, na wa raundi ya pili hujadiliana, na anaweza kuachwa kabla msimu haujaanza. Mzazi anayeambiwa mwanawe amechaguliwa aulize kwanza ni raundi gani.

Bol alipata mali, na mali hiyo hakuila peke yake. Wakati anacheza Marekani, vita vya Sudan viliteketeza kwao. Alisema amepoteza jamaa wapatao 250. Alizitembelea kambi za wakimbizi, akalipia chakula na mahitaji ya watu wake, na inakisiwa alitoa dola milioni 3.5. Akarudi Sudan katika miaka ya tisini, akaishi Khartoum akitumaini kusaidia amani. Kwa maelezo yake, serikali ya wakati huo ilimpa ahadi ya cheo katika michezo kwa sharti kwamba asilimu kwanza, na akakataa. Sisi Waislamu tusilipite jambo hili kimya kimya. Dini yetu haimtaki mtu aingie kwa kununuliwa cheo, na anayeifanya Uislamu kuwa bei ya kazi anaudhalilisha Uislamu wenyewe kabla ya kumdhalilisha anayeambiwa.

Mwaka 2001 alitoka Sudan na familia yake wakakwama Misri kwa miezi kadhaa, mpaka mwaka uliofuata walipopokelewa Marekani kama wakimbizi. Mtu ambaye viwanja vilijaa kwa ajili yake alirudi mikono mitupu. Ili kuchangisha pesa kwa ajili ya watoto wa Sudan, alikubali mambo ambayo wengine waliyaona kichekesho. Alipigana ndondi kwenye televisheni na William Perry, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani, akamshinda. Akasajiliwa siku moja na timu ya mpira wa magongo wa kwenye barafu, yeye ambaye hakuzaliwa na barafu. Alijua watu wanalipa kuuona urefu wake, akauuza urefu huo kwa faida ya wasio na kitu. Mwaka 2004 alipata ajali mbaya ya teksi huko Connecticut, akavunjika shingo, na kupona kulichukua muda mrefu.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa shule. Kwa kushirikiana na shirika la Sudan Sunrise, linaloshughulika na kuwapatanisha Waislamu wa Darfur na ndugu zao wa kusini, alianza kujenga shule Turalei, kijijini kwao, akitamani kujenga 41 kwa jumla. Mwaka 2010 alikuwa huko akiisimamia, akabaki pia kwa ajili ya uchaguzi wa mwezi wa Aprili. Figo zilikuwa zimemchosha, na dawa aliyopewa ikamsababishia ugonjwa mkali wa ngozi. Alifariki tarehe 19 Juni 2010 katika hospitali ya Charlottesville, Virginia, akiwa na miaka 47 kwa hesabu ya karatasi zake. Akarudishwa kuzikwa Turalei. Uhuru wa Sudan Kusini ulifika tarehe 9 Julai 2011, mwaka mmoja na siku chache baada ya yeye kufumba macho.

Mwanawe, Bol Bol, aliyezaliwa Khartoum, naye alichaguliwa raundi ya pili, wa 44, mwaka 2019. Na taifa aliloliota baba lilipeleka timu ya kikapu kwenye Olimpiki ya Paris 2024, likaifunga Puerto Rico pointi 90 kwa 79. Wiki moja hivi kabla ya michezo hiyo, katika mchezo wa kirafiki London, walipoteza kwa Marekani kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Wengi wa vijana wale walikulia ukimbizini.

Sasa nirudi kwetu Tana River. Nani anawatazama vijana wetu? Simaanishi ajenti wa Amerika. Namaanisha mwalimu wa michezo, chifu, mzee wa mtaa, sisi wenyewe. Kipaji kisichoandikwa ni kama mvua iliyonyesha baharini. Timu zetu zinapokwenda kwenye michezo ya shule, matokeo ya mwisho hutajwa, lakini ni nadra kusikia nani alizuia, nani alipora mpira, nani alicheza dakika zote. Daftari la shilingi hamsini na mtoto mmoja mwenye kalamu pembeni ya uwanja vinatosha kuanza. Bol alionekana akiwa Bridgeport, chuo kidogo, kwa sababu Bridgeport waliandika kila bloki.

La pili ni cheti cha kuzaliwa. Wapo watoto wengi wa wafugaji na wa vijiji vya mtoni wanaofika umri wa kitambulisho bila cheti, au mafuriko yameondoka na cheti pamoja na nyumba. Tumeona jinsi tarehe ya kutungwa ilivyomfuata Bol. Mzazi, mwandikishe mtoto angali mdogo, na nakala iwekwe mahali pakavu, au kwa jamaa aliye Malindi au Mombasa. Akija mtu akaahidi nafasi ya chuo ng'ambo na kusema umri utarekebishwa, huyo asikabidhiwe mtoto. Jina la chuo lithibitishwe na chuo chenyewe, mwalimu mkuu ajue, na mkataba usomwe na mtu anayeielewa lugha iliyouandika.

La tatu ni macho yetu. Mtoto wa Kipokomo mwenye mikono ya kupiga kafi, mtoto wa Kiorma mwenye miguu ya kutembea kutwa nyuma ya ng'ombe, kila mmoja ana jambo lake. Tukianza na kasoro tutawapitia wote, kama Bol alivyopitiwa. Na wakichezea timu moja ndivyo vizuri zaidi, kwa mji uliozika watu zaidi ya 100 katika mapigano ya 2012 na mapema 2013. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia wakati ule, na atupe sisi subira ya kuwakuza waliobaki. Wakuu wa michezo wa kaunti wanaosoma hapa Hola na Garsen, swali langu kwao ni dogo: msimu ujao wa michezo ya shule, nani atashika daftari?